Je, Kigaeli cha Uskoti kifufuliwe kwa kodi ya wananchi wote?

Mleta mada (Glasgow):

Habari zenu wadau. Nimeishi huku miaka tisa na jambo hili limenikaa rohoni. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuzipa hadhi rasmi lugha mbili: Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu na visiwa vya magharibi, na Kiskoti, ndugu wa Kiingereza anayesikika zaidi nyanda za chini. Kazini kwangu mabishano hayaishi. Kwa nini mlipakodi agharimie lugha asiyoisema? Mimi nasema agharimie.

Ukitaja Uskoti, watu wanafikiria kilti, ile sketi ya mirabamiraba wanayovaa wanaume. Hilo lilikuwa vazi la Nyanda za Juu. Baada ya wapiganaji wa ukoo wa kifalme wa Stuart, wengi wao watu wa Nyanda hizo, kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, serikali iliwakataza wanaume wa Nyanda za Juu kulivaa, na katazo likadumu hadi 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh, na mabwana wa nyanda za chini, ambao babu zao waliliona ni vazi la washenzi, wakajitokeza wamelivaa kumpokea. Ndipo likawa la taifa. Vazi likapendwa, wenye vazi je? Miaka michache tu kabla ya hapo, kule Sutherland, Nyanda za Juu kaskazini, wakulima wasemao Kigaeli walikuwa wakifukuzwa ili kondoo wapate malisho, na nyumba nyingine zikichomwa moto wasirudi.

Ikafuata shule. Sheria ya elimu ya 1872 ililazimisha watoto wote wasome, na Kigaeli haikukitaja hata kwa neno moja. Jirani yangu, mzee wa kisiwa cha Lewis, alinisimulia kwamba mama yake alivishwa kijiti shingoni kwa kukutwa akisema Kigaeli, akakaa nacho mpaka akutwe mwenzake. Nilishindwa kumjibu. Mimi nimesoma Kenya, na nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikuyu. Sisi tulikiita diski.

Binti yangu anasoma shule ya Kigaeli. Mara ya kwanza kumwamkia mzee yule alisema “Ciamar a tha sibh?” Hiyo “sibh” ni ya heshima, maana Kigaeli kina namna ya kumsemesha mkubwa na namna ya kumsemesha rika. Mzee akaweka chini mfuko wa sokoni, akavua kofia, akamjibu polepole, neno baada ya neno, kama amshikaye mtoto mkono anapojifunza kutembea.

Mchangiaji (Dodoma):

Mkuu, pole kwa hiyo diski. Lakini tuhesabu. Uskoti ina watu kama milioni 5.4, na sensa ya 2022 ilionyesha wanaojua Kigaeli, hata kidogo tu, ni asilimia 2.5. Wagonjwa wanasubiri upasuaji, halafu pesa ziende huko? Sisi tuna lugha zaidi ya 100, na tulipokubali kukutana kwenye moja ndipo tukawa wamoja. Mimi ni Mgogo, wanangu hawajui Kigogo, na ni Watanzania kamili. Lugha ikikosa wasemaji, iachwe ipumzike.

Mchangiaji (Aberdeen):

Mleta mada, huku hakuna anayeamkia kwa Kigaeli. Huku ni “Fit like?”, Kiskoti cha kaskazini-mashariki. Watu kama milioni 1.5 wanazungumza Kiskoti, lakini Kigaeli ndicho chenye shule zake na televisheni yake tangu 2008. Robert Burns, ambaye kila tarehe 25 Januari Waskoti wanakula haggis, chakula cha nyama za ndani za kondoo, kwa kumkumbuka mshairi huyo, aliandika kwa Kiskoti na Kiingereza. Visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa, navyo vilikuwa na lugha iliyotoka Norwei. Ukisema Kigaeli ndiyo roho ya Uskoti, hawa wote unawaweka wapi?

Mchangiaji (Mombasa):

Mimi nasubiri jambo moja tu: hizo pesa zinaenda wapi hasa? Mabango?

Mleta mada:

Ndugu wa Aberdeen, hapo umeninasa. Sikusema roho ya Uskoti ni moja, lakini nilivyoandika ni kama nilisema. Kiskoti nacho watoto walichapwa kwa ajili yake, na kinastahili walimu.

Kaka wa Dodoma, hapo sikufuati. Mgogo na Mmakonde walikutana kwenye lugha ambayo haikuwa ya bwana aliyewafukuza shambani. Mgaeli alinyang'anywa ardhi, kisha mwanawe akafundishwa kuionea haya lugha ya nyumbani. Serikali iliyotumia kodi kuiua inadaiwa.

Swali la Mombasa ndilo zito, na limenifanya nirudi kwenye takwimu. Mwaka 1891 wasemaji walikuwa zaidi ya 250,000. Mwaka 2011 wenye ujuzi wowote wa Kigaeli walikuwa kama 87,000, na mwaka 2022 wakafika 130,000. Tunashangilia. Lakini katika visiwa vya magharibi, ngome yenyewe, wanaokisema walishuka kutoka asilimia 52 hadi 45, chini ya nusu. Wanaoongezeka ni wanafunzi kama binti yangu, na wanaopungua ni wale wanaonunulia samaki kwa lugha hiyo.

Sababu ni nyumba na kazi. Nyumba za visiwani zinanunuliwa na watu wa mbali wanaokuja wiki chache za kiangazi, na kijana wa pale hawezi kushindana nao kwa bei. Mwaka 1882 wakulima wa kisiwa cha Skye walipambana na polisi kwa mawe wakidai malisho yao. Mwaka 1886 ikaja sheria iliyowahakikishia wakulima wadogo kwamba hawatafukuzwa wakilipa kodi ya shamba. Watu wakabaki kwenye ardhi, na lugha ikabaki nao. Kwa hiyo naanza kuamini kwamba bajeti ya Kigaeli ingeanzia kwenye matofali na vibanda vya wavuvi, halafu shule.

Kibao cha Kigaeli pale stesheni nakipenda, binti yangu hukisoma kwa sauti kila asubuhi. Ila mjukuu wa yule mzee anataka kurudi Lewis na hajapata pa kukaa. Mngekuwa ninyi ndio mnaogawa hiyo pesa, mngemjengea, au mngeipeleka hospitali?