Gumzo la ukoo, Mombasa: mgongo wa Khala Rehema

Khala Rehema: Assalaamu alaykum nyote. Nimetoka kwa daktari. Picha ya mgongo safi, pingili zote ziko sawa, alhamdulillahi. Asema ni misuli, na kule kuinamia karai tangu alfajiri. Dawa kanipa kidogo, kisha kaniambia nitembee, nijinyooshe, na nikiweza nifanye yoga. Mwanaisha si ndiye aendaye mambo hayo Nyali? Mwanangu uko wapi?

Mjomba Yahya: Waalaykum salaam dada. Mungu akupe shifaa.

Shee: Pole Khala. Lakini yoga si ile ya kupitisha mguu nyuma ya shingo? Kiuno si kitazidi kuuma?

Mwanaisha: Shikamoo Khala, shikamoo Mjomba. Niko ndani ya matatu, foleni ya daraja la Nyali haisogei, basi nina wakati. Shee, hizo picha za miguu shingoni ndizo ziwatishazo watu. Mwanafunzi mpya hafundishwi kuweka mguu popote. Afundishwa kusimama, kukaa, kulala na kuvuta pumzi. Wengine hukaa wiki nyingi hapo hapo na miili yao ikafunguka.

Khala Rehema: Marahaba. Sasa mimi nina miaka hamsini na kitu, magoti haya yalia nikipanda ngazi. Kuinama mpaka chini siwezi.

Mwanaisha: Usiiname mpaka chini. Inama mpaka mwili unapokwambia basi, halafu vuta pumzi hapo. Kuvutwa kwa msuli ni sawa. Maumivu ya kuchoma si sawa, yale ya kupita kama umeme mpaka mguuni si sawa, ganzi si sawa. Ukiyapata hayo, toka polepole na upumzike. Na mtu akiona mguu umeishiwa nguvu au haja ndogo haizuiliki, hiyo ni hospitali mara moja, yoga ngoja kwanza.

Zuhura: Mama sikia hapo. Wewe ukiambiwa basi huwa hukomi.

Mwanaisha: Daktari wako hakusema ovyo Khala. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo wa chini. Kwa maumivu ya muda mrefu walisema aanziwe mgonjwa na njia zisizo za dawa, na yoga waliitaja humo pamoja na mazoezi mengine. Haimaanishi kila mgongo utapona. Maana yake yafaa kujaribiwa kabla ya kumeza vidonge kila siku.

Khala Rehema: Vidonge vyenyewe vyaniunguza tumbo. Haya, nieleze huo mwanzo. Nifanye nini hasa?

Mwanaisha: Leo jioni kaa kwenye kiti, nyayo zote chini, mgongo usiegemee. Funga mdomo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Usiibane katikati. Dakika 5 hivi zatosha. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, moyo wapunguza mbio. Kuna mshipa mrefu wa fahamu washuka kutoka ubongo, wapita shingoni, wafika moyoni na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuutuliza moyo. Ndiyo sababu watu wengi hulala vizuri wakijizoeza hivyo usiku.

Mwanaisha: Kesho ndiyo ushuke chini. Magoti na viganja kwenye busati, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Ukitoa pumzi, uinue mgongo juu kama paka aliyeamka usingizini. Ukivuta, uulegeze, kifua kiende mbele. Polepole, mara chache tu. Magoti yakiuma, kunja leso mara nne uweke chini yake.

Mwanaisha: Kisha sukuma makalio nyuma yakae juu ya visigino, paji la uso liende chini. Kama makalio hayafiki, weka mto katikati ya makalio na visigino. Huo waitwa mkao wa mtoto. Kiuno chote kile kinachobanwa na karai huachia hapo.

Mjomba Yahya: Mwanaisha mwanangu, huo mkao si kama sijda? Nauliza kwa sababu hapa kwenye kikundi kuna watoto, na mimi nafundisha madrasa, nitaulizwa. Yoga si ibada ya Wahindu?

Mwanaisha: Swali la haki Mjomba, na sitalipita juu juu. Asili yake ni India ya kale, na kwa Wahindu kweli imeshikana na dini yao. Kuna yoga ya kuimba majina ya miungu, na kuna madarasa yasiyo na neno hata moja la hayo, viungo na pumzi peke yake. Mimi naenda haya ya pili. Kabla ya kulipa niliuliza mwalimu waziwazi, naye akanijibu waziwazi.

Mjomba Yahya: Na maulamaa wasemaje?

Mwanaisha: Hawakusema kauli moja. Malaysia mwaka 2008 baraza lao la fatwa liliwakataza Waislamu yoga yenye kuchanganya mazoezi, matamko na ibada. Saudia nayo, Novemba 2017, iliiingiza yoga kwenye orodha ya michezo inayoruhusiwa, watu wakawa wafundisha kwa leseni.

Mjomba Yahya: Hapo nimeelewa. Mimi sitoi fatwa kwenye simu. Lakini nionavyo, matamko yakiondolewa na nia ikawa afya, kinachobaki ni mazoezi ya mwili, na mwili ni amana. Mwenye shaka moyoni aache, aende kutembea Mama Ngina kando ya bahari baada ya Asri, nako kuna kheri. Asilazimishwe mtu.

Khala Rehema: Ahsante kaka. Nilikuwa na hilo moyoni nikaona haya kuuliza.

Zuhura: Samahanini nakatisha. Mama, jirani wa chini auliza mahamri ya kesho, ishirini.

Khala Rehema: Mwambie yapo. Na mbaazi akitaka alete bakuli.

Ami Salim: Shemeji pole sana, ndiyo nimeegesha tuktuk Makadara nasoma. Mwanaisha, na sisi wa kukaa kutwa? Nikishuka jioni nyonga hazinyooki, natembea nimejikunja mpaka nifike nyumbani.

Mwanaisha: Shikamoo Ami. Kukaa kutwa kwafupisha misuli ya mbele ya nyonga, ile ya makalio yalala. Kila ukingoja abiria, shuka. Simama wima, mguu mmoja nyuma hatua moja kubwa, goti la mbele likunje kidogo, la nyuma linyooke, viganja kwenye tuktuk. Utahisi kuvutwa mbele ya paja la nyuma. Pumzi tano, kisha ubadilishe. Ule ni mwanzo wa mkao wa shujaa, na hakuna atakayejua wafanya yoga.

Ami Salim: Hapa hapa stendi?

Mwanaisha: Hapo hapo. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Yoga ya taratibu peke yake haijazi zote, kwa hivyo kutembea usikuache. Lakini mwili uliokakamaa hata kutembea waona tabu, ndipo yoga yasaidia.

Shee: Mimi nacheza mpira Tononoka kila Jumapili, sina haja. Hii naona ni ya kina mama.

Mwanaisha: Shee, mmoja wa walioifanya dunia nzima iijue yoga ya leo alikuwa mwanamume, na alianza akiwa mgonjwa. B.K.S. Iyengar, mzaliwa wa India mwaka 1918. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, mwili umekonda. Yoga ilimpa nguvu, akafundisha mpaka uzeeni, akafariki 2014 ana miaka 95. Yeye ndiye aliyeeneza ile njia ya kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao, ili mgonjwa, mzee na mtu mnene wapate mkao ule ule bila kuumia. Hilo ndilo nalipenda kuliko yote, maana alikileta chombo kwa mtu badala ya kumfukuza mtu asiyepindika. Na wewe, ile misuli ya nyuma ya paja iliyokutoa uwanjani msimu uliopita ingefaidika.

Shee: Hapo umenipata kweli. Nitumie ya mapaja.

Mwanaisha: Lala chali, leso iliyokunjwa kama mkanda ipite chini ya wayo, shika ncha zote mbili, inua mguu huo mmoja. Goti likikataa kunyooka, liache limepinda. Usivute kwa nguvu.

Babu Athman: Wajukuu zangu nimesoma yote. Nami nina presha, na jicho la kushoto daktari asema lina presha yake, natia matone usiku. Nifanye au nikae?

Mwanaisha: Shikamoo Babu. Utafanya, ila kwa kiti na ukuta. Kwako kichwa kisishuke chini ya moyo hata kidogo. Kusimamia kichwa, kuinama mikono ikigusa sakafu, kuinua miguu ukutani, yote hayo uache, maana kichwa kikiwa chini presha ya jicho yapanda. Na pumzi usiibane, kwa ajili ya presha ya mwili. Muulize na daktari wako wa macho ukienda kuchukua matone. Dawa zako usiache hata moja.

Babu Athman: Marahaba. Basi kilichobaki ni nini?

Mwanaisha: Kikubwa kimebaki. Kaa, pumua, geuza mabega, inua mikono. Kisha simama kando ya ukuta, kiganja kimoja ukutani, inua kisigino cha mguu mmoja, halafu wayo wote kidogo. Huo ni mkao wa mti. Wazee waliopita miaka 65 Shirika la Afya Duniani lawataka wafanye mazoezi ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki, wasianguke. Na ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni wazijua Babu, nyembamba na wima.

Babu Athman: Nazijua. Zimemwangusha bibi yenu.

Zuhura: Mwanaisha, na mimi mwenye mimba ya mwezi wa sita?

Mwanaisha: Dada, muulize mkunga wako kwanza kliniki ijayo. Akiruhusu, njoo, lakini hutalala chali muda mrefu, mtoto akandamiza mshipa mkubwa wa damu. Utalala ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti. Kujipinda kwa kubana tumbo hapana, chumba chenye joto kali hapana. Pumzi zile ndefu ndizo zitakufaa hata siku ya uchungu.

Khala Rehema: Basi kwa nini tusikutane kwangu? Uani kuna nafasi baada ya Asri, jua limeshapungua. Wanawake Jumamosi. Wanaume Shee awapeleke Mama Ngina Jumapili asubuhi kabla ya mpira. Mwanaisha utufundishe.

Mwanaisha: Mimi si mwalimu Khala, nitawaonyesha ya mwanzo niyajuayo tu. Na siku moja nitawapeleka kwa mwalimu wangu awatazame mmoja mmoja, maana makosa ya mgongo mtu hajioni mwenyewe.

Zuhura: Tuvae nini? Dera lanasa magotini.

Mwanaisha: Suruali ya pajama pana na shati refu, tuko wanawake peke yetu. Miguu mitupu. Mkeka wa ukindu wateleza juu ya vigae, lakini uani kuna saruji, weka busati chini na leso juu. Kila mtu alete mto mmoja na leso mbili. Msile kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, maji kidogo sawa. Na mwisho tutalala kimya dakika 5 mpaka 10, mto chini ya magoti. Msiinuke kabla, watu wengi huruka hapo wakidhani kazi imekwisha, kumbe ndipo mwili watulia.

Khala Rehema: Jumamosi hii pilau tutakula saa sita basi.

Babu Athman: Na mimi kiti kipi? Kile cha mikono au cha kulia chakula?

Mwanaisha: Cha kulia chakula Babu, kisicho na mikono. Shee akiegemeze ukutani kabla hujakaa.

Shee: Nitakibeba mwenyewe asubuhi.