Naombeni ushauri: sensa za upepo wa tairi kwa pikipiki, za kofia au za ndani?

Mdau wa Chuno
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini. Nataka kufunga sensa za upepo wa tairi kwenye pikipiki, zile zinazopiga kelele upepo ukipungua. Nimeona kuna za kufunga kwenye valvu mahali pa kofia, na kuna zinazokaa ndani ya tairi. Pikipiki ni Boxer 150. Ipi inafaa kwa vumbi na makorongo ya huku kwetu? Na ile inayosoma kwenye simu, inatunza kumbukumbu ya siku nzima? Hilo la kumbukumbu ndilo muhimu kwangu. Naombeni majibu mapema, kuna jambo nataka nilimalize wiki hii. Wale wa "geji ya mkono inatosha" wapite kimya.

Komredi Mikindani
Geji ya mkono inatosha.

Spoksi Tupu
Mkuu, rimu yako ni ya spoksi au ya sporti, ile isiyo na spoksi? Tairi ni ya tyubu au tyubulesi, yaani isiyo na tyubu ndani? Hapo ndipo jibu lilipo. Sensa ya ndani hufungwa kwenye rimu pamoja na valvu yake ya chuma, kwa hiyo ni ya tyubulesi. Kwenye tyubu haina pa kukaa. Ya nje inakubali zote mbili, ila kwenye tyubulesi angalia shina la valvu. Kama ni la mpira, ule uzito mdogo wa sensa ukizunguka kwa kasi unalivuta na kulipinda, mwishowe linachanika pale chini. Weka shina la chuma kwanza.

Mtambaswala Zamani
Umenikumbusha mbali. Daraja la Mtambaswala lilipofunguliwa 2010 nilikuwa nauza soda upande wetu. Siku moja akavuka mzungu kutoka Msumbiji na BMW kubwa, masanduku kila upande. Anafika pale, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Akashuka bila papara, akatoa kipampu cha kuchomeka kwenye betri, akajaza tairi la nyuma, taa ikazima. Vijana walizunguka pale kama kuna ngoma. Akanunua soda mbili, akaacha chenji. Wenzetu wako mbali sana.

Dereva Mstaafu
Kwa magari wenzetu ni lazima kabisa. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 baada ya matairi kupasuka na kuua watu, na kufikia 2007 kila gari dogo jipya likawa linatoka nayo kiwandani. Ulaya wakafuata 2014. Pikipiki hazimo kwenye sheria hizo, ndiyo maana unakuta hivi vifaa vya kuongeza mwenyewe. Mimi nimeendesha lori Dar hadi Masasi miaka yote kwa kugonga tairi na nyundo. Nikisikia mlio tu najua.

Mdau wa Chuno
Ahsanteni. Rimu ni ya spoksi, tairi la nyuma 3.00-17, la tyubu. Kwa hiyo ni za kofia. Swali la kumbukumbu mmelikwepa wote.

Spoksi Tupu
Sijalikwepa, limenishangaza. Habari njema kwanza: tyubu za pikipiki shina lake ni la chuma, sensa ya kofia itakaa bila shida. Pima upepo asubuhi tairi likiwa la baridi. Boxer na ndugu zake, kwa kipimo cha psi, wanacheza kwenye 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukipakia. Kengele ya nyuma iweke ilie ikishuka chini ya 26, usiache vipimo vya kiwandani maana vingine vimewekwa kwa gari. Mchana itakusomea juu zaidi, joto likiongezeka nyuzi 10 upepo unapanda karibu psi 1 na nusu. Usitoe upepo kwa sababu hiyo.

Sasa ubaya wake. Ile sensa inafanya kazi kwa kubonyeza pini ya valvu muda wote. Mpira wake ukichoka, yenyewe ndiyo inakuwa pancha. Nyingi zinakuja na nati ya kuzuia wizi na kispana chake chembamba. Fundi wa kijijini hana hicho kispana, ataikamata kwa plaizi, na hapo ndiyo kwaheri. Halafu tyubu ikitobolewa haivuji taratibu kama tyubulesi yenye msumari ndani. Inashuka ghafla. Kengele ikilia, tako lako limeshajua.

Ndiyo nauliza: mtu anayeendesha pikipiki yake kumbukumbu anaitakia nini?

Mdau wa Chuno
Usalama tu mkuu.

Kijana wa Nanguruwe
Usalama wa kusoma jioni? Unaendesha wewe au unaendeshewa?

Mama Zai
Mwanangu sema ukweli usaidiwe. Mimi kaka yangu nilimpa hela ya salfa ya mikorosho, kila nikiuliza anasema mvua, mara upepo, mara bomba la kupulizia limeziba. Msimu ulivyofika korosho hakuna, ila yeye kajenga choo cha tofali. Nimenyamaza mpaka leo, na Idi tunakula pamoja. Wewe una jambo la kifamilia, siyo la tairi.

Mdau wa Chuno
Haya. Pikipiki nimenunua mimi, anaendesha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yupo Kitangari. Hesabu ni 7,000 kwa siku. Tangu mwezi wa nane haipiti wiki bila pancha. Akipigiwa simu jioni, "shemeji leo pancha." Kesho, "shemeji ile ya jana imeachia." Dada yake anamtetea, mimi ndani ya nyumba nimekuwa mtu mbaya. Nikiwa na kumbukumbu inayoonyesha tairi lilikuwa 30 kuanzia asubuhi hadi jioni, maneno yanaisha. Sioni kosa langu hapo. Kila mwenye chombo anafuatilia chombo chake.

Komredi Mikindani
Fungeni sensa kwenye ulimi wa shemeji hahahaaa

Kijana wa Nanguruwe
Kijana wangu mimi pancha zake zilikuwa zinaangukia siku ya Simba na Yanga tu. Nikamwambia siku hiyo nakupa likizo. Akaanza kupata pancha za Azam.

Spoksi Tupu
Kumbe. Basi sikiliza vizuri: sensa ya kofia inaongea na simu au kioo kilichopo mita chache tu kutoka kwenye tairi. Wewe ukiwa Chuno na pikipiki Kitangari hupati kitu. Hiyo kumbukumbu itabaki kwenye simu ya shemeji, na akizima bluutuuthi kumbukumbu nayo inalala. Unampa mtuhumiwa daftari la polisi alishike mwenyewe. Kama shida yako ni kujua chombo kiko wapi, hiyo ni kazi ya jipiesi.

Mdau wa Chuno
Jipiesi atajua simwamini. Sensa naweza kumwambia ni kwa usalama wake. Na kusema ukweli nimeshalipia, 80,000, mzigo unatoka Dar kesho na basi. Muuzaji kanihakikishia simu inatunza.

Mama Zai
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri umeshalipa?

Mdau wa Chuno
Nilikuja kuuliza za kofia au za ndani, mama yangu. Mengine mmeyaleta nyie.

Mpekuzi
Samahani nivuruge mkutano. Hii ni chai. Mtu anauliza za kofia au za ndani wakati za kofia keshazilipia. Alivyobanwa akatoa shemeji, alivyobanwa tena akatoa bei. Sasa hivi atawaambia "anayetaka namba ya muuzaji aje inbox". Tumewaona wengi, mzigo wa sensa umewadodea mnatunga shemeji. Na Boxer ipi hiyo ya boda, inapanda na kushuka vijijini na magunia, halafu tajiri anatafuta sensa badala ya tairi jipya?

Komredi Mikindani
Chai na mihogo ya kuchemsha. Nilijua tu.

Dereva Mstaafu
Hata kama ni chai ina faida, mimi nimejifunza habari ya pini.

Kitangari Ndiyo Kwetu
Mimi nipo Kitangari saa hii. Taja kijiwe tu, madereva wote nawafahamu.

Mdau wa Chuno
Nikitaja kijiwe kesho anajulikana, na mke wangu anajua kusoma. Sina namba ya muuzaji ya kumpa mtu. Mnataka picha? Hiyo hapo. Tyubu ya nyuma, alinitumia mwenyewe wiki iliyopita nilipomuuliza kuhusu hizo pancha. Nikaona viraka nikasema kila mtu ana tyubu mbovu ya kupiga picha.

Mpekuzi
Picha ya kupakua hiyo.

Spoksi Tupu
Acheni kwanza. Mkuu, hiyo picha uliitazama?

Shika hapo kwenye valvu. Shina la valvu linatokea upande wa rimu, siyo upande wa barabara. Sasa fuata mstari wa shina kuzunguka tyubu. Viraka vyote vipo kwenye mstari huo huo, upande wa rimu, kimoja nyuma ya kingine. Mwiba na msumari huingia kutoka barabarani, kiraka chake kinakaa upande wa pili. Ingekuwa ni kukimbia na upepo mdogo ukagonga shimo, ungeona matundu mawili yamekaa pamoja ubavuni, rimu inapobana tyubu. Hapa hakuna.

Kinachotoboa hiyo tyubu kipo ndani. Ni ncha za spoksi. Kuna mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoksi ndani ya rimu, hapo ama umekatika ama fundi aliyebadilisha tairi hakuurudisha. Inawezekana pia spoksi zimekazwa mpaka zikatokeza, zinatakiwa kupigwa tupa. Akiziba leo kwa solusheni safi kabisa, baada ya siku chache spoksi ya jirani inatoboa. "Ile ya jana imeachia", anavyokwambia.

Kitu kingine, nati ya valvu imeacha alama nzito kwenye shina, ilikazwa hadi chini kwenye rimu. Ilegezwe, ipandishwe juu karibu na kofia. Tairi likiteleza kidogo kwenye rimu, shina lililokazwa linang'oka.

Kitangari Ndiyo Kwetu
Mafundi pancha wa huku mkanda ukikatika wanautupa. Wengine wanakata tyubu ya zamani wanavalisha. Inafanya kazi.

Spoksi Tupu
Inafanya kazi ikikatwa sawasawa na shimo la valvu likae mahali pake. Bado mkanda mpya ni bei ya soda kadhaa.

Mpekuzi
Sawa, picha nimeikubali. Uzi siukubali.

Mdau wa Chuno
Nimempigia, anasema tangu abadilishe tairi mwezi wa saba huo mkanda hajawahi kuuona, na hajui kama ulitakiwa kuwepo. Natuma mkanda na tyubu mpya kesho. Ila sensa zikifika nafunga hivyo hivyo. Pancha za ndani zikiisha tutaona kama na za mdomoni zitaisha.

Mama Zai
Na hizo 7,000 za siku za pancha, ulikuwa unamwandikia deni?

Mdau wa Chuno
Mama, hilo tutalimaliza nyumbani.

Mama Zai
Haya.

Kijana wa Nanguruwe
Tajiri, mimi Boxer yangu ina rimu za sporti na siku hizi naendesha mwenyewe. Hizo sensa natoa 30,000.

Mdau wa Chuno
Mpya kabisa, hata sijafungua boksi. 70,000.

Kijana wa Nanguruwe
35,000, na nazifuata mwenyewe stendi. Kispana chake kiwemo.

Mpekuzi
Nilisema nini mimi? Biashara hiyo imeanza.