Kundi: Wana wa Bi Mkubwa, Wete na Unguja

Da Zuhura, 07:12
Assalaam alaykum. Eda ya Asha inamalizika Alkhamis. Tokea wiki iliyopita nauliza nani anachanga na chumba cha nyuma kinafunguliwa lini. Mmesoma nyote, kimya.

Khamis, 08:40
W/salaam.

Da Zuhura, 08:41
Khamis, salamu haijazi mkoba.

Mwinyi, 09:05
Chumba cha nyuma si kina magunia ya karafuu ya Ami?

Ami Seif, 09:30
Yatatoka nikishauza.

Da Zuhura, 09:31
Ami, kwa heshima zote, maneno hayo uliyasema tokea msiba wa baba.

Mwinyi, 09:33
😂 Zikichipua tugaiane miche.

Salma, 09:34
😂😂 Mie minne.

Da Zuhura, 09:36
Tutacheka siku nyengine. Asha anakuja na watoto wawili wa skuli. Na kabla hajapanda boti afungue kesi kwa Kadhi huko huko Unguja, maana mashahidi wako kule.

Salma, 09:50
Kesi ya nini tena? Talaka si keshaandikiwa?

Da Zuhura, 09:58
Kuandikiwa talaka si kumaliza hesabu. Matumizi ya eda hajaona hata shilingi. Mahari ilibaki nusu. Matumizi ya watoto ni juu ya baba yao, hata akioa wane. Na nyumba ya Fuoni, sawa, kiwanja chake. Mabati kanunua nani?

Khamis, 10:15
Risiti zina jina la mume.

Da Zuhura, 10:22
Najua. Lakini sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 inampa Kadhi uwezo wa kusikiliza mgao wa mali ya ndoa, mtu akithibitisha alichochangia. Asha alikopa mara mbili kwenye kikundi chao cha mwani, na katibu kaandika pembeni "mabati". Daftari lipo. Fundi yupo. Asha, ujumbe wa pesa kwenye simu usifute hata mmoja! Nendeni ZAFELA, ni wanasheria wanawake, kazi yao hiyo. Nani anamsindikiza?

Mwinyi, 11:47
Boti siku hizi bei gani?

Asha, 13:20
Mie nimechoka na kesi. Nipeni cherehani yangu tu, nishone sare za skuli.

Salma, 13:22
Cherehani ipi? Ile ya mama?

Da Zuhura, 13:22
Salma, si leo.

Salma, 13:25
Si leo, si leo. Hata kwenye arubaini mliniambia si leo.

Simu ya Bi Mkubwa, 16:03
Mie Nassor naandika, Bibi ananisomea. Anasema: Seif, karafuu zako zitoke kabla ya Ijumaa. Mjukuu wangu hakufukuzwa, anarudi kwao. Na wewe Asha, haki yako usiisamehe kwa uchovu. Ukitaka kusamehe, isamehe ikiwa mkononi mwako.

Ami Seif, 16:40
Nimesikia, mama.

Asha, 17:02
Nimesikia, Bibi. Nitakwenda.

Da Zuhura, 17:05
Alhamdulillah. Basi kila mtu elfu ishirini, zije kwangu. Nusu ada na madaftari, nusu vitambaa vya mtaji. Nitakuwa nampa kidogo kidogo.

Asha, 17:19
Da Zuhura, ahsante, Mungu akulipe. Lakini nitumieni mwenyewe, nitapanga mwenyewe. Miaka yote hiyo hata ya sabuni nilikuwa naomba.

Da Zuhura, 17:41
Haya, mdogo wangu. Tumeni kwa Asha. Khamis, Ijumaa gari yako ikachukue mizigo bandarini Mkoani.

Khamis, 19:10
Ijumaa nina harusi Konde. Labda jioni.

Da Zuhura, 19:10
Labda?

Mwinyi, 20:26
Nimetuma elfu kumi. Nyengine mwisho wa mwezi.

Da Zuhura, 20:30
Na wa kumsindikiza kwa Kadhi?

Salma, 22:48
Cherehani ikifika iwekwe kwa Bibi kwanza.