Uhakiki wa Walter Pater: hisia zinaishia wapi, uhakiki unaanzia wapi?

Kurunzi: Wakuu, Pater, yule mhakiki Mwingereza wa karne ya 19, anataka mhakiki aanze na hisia zake mwenyewe. Sasa mtu anakwepaje kuandika "shairi hili limenigusa" kurasa tano nzima? Pili, kuna matoleo ya kitabu chake cha Renaisansi (ule mwamko wa sanaa Ulaya) hayana hitimisho. Kulikoni?

Mzee wa Beti: Wengi wanaishia pale yeye anapoanzia. Dibaji ya kitabu hicho, ya 1873, inauliza: wimbo huu, picha hii, kwangu mimi ni nini? Inanipa raha? Ya namna gani, kiasi gani? Hayo majibu ni malighafi tu. Baada ya hapo unatafuta ndani ya kazi yenyewe kinacholeta raha hiyo, unakitenga na vilivyokizunguka, kama mkemia na elementi. Mfano wake ni mshairi Mwingereza William Wordsworth: mengi aliyoandika yangeweza kusahaulika, ila mna uzi mmoja, ule wa kuhisi uhai ndani ya vitu vya asili. Mhakiki aufuate, aone unakolea wapi na unapotelea wapi.

Kwa hiyo chukua beti mbili tatu, si diwani nzima. Ukichukua diwani utaishia kusifu kwa jumla. Taja neno, sema linafanya nini pale lilipo.

Wino Mweusi: Na usiige kile kifungu cha Pater kuhusu Mona Lisa, mwanamke wa ile picha ya Leonardo da Vinci, eti ni mkongwe kuliko miamba iliyomzunguka. Mwaka 1936 mshairi wa Ireland, Yeats, alikikatakata mistari, akakiweka kama shairi mwanzoni mwa diwani aliyoihariri.

Mzee wa Beti: Kweli, ila miamba ipo pichani, nyuma yake. Hata pale Pater aliondokea kwenye kitu kinachoonekana.

Kasiba: Hitimisho lilianza 1868, ndani ya mapitio ya Pater ya mashairi ya Mwingereza William Morris. Lilipoingia kitabuni 1873, na ule wito wa kuwaka daima kwa mwali mkali kama kito (yaani kuishi kila dakika kwa hisia kali), chuoni Oxford kulichafuka. John Wordsworth, mwenzake Pater huko Brasenose, mojawapo ya vyuo vya Oxford (mjukuu wa mdogo wake mshairi yuleyule!), alimwandikia barua ya kumpinga. Kwenye toleo la 1877 Pater akaliondoa hitimisho. Mwaka 1888 akalirudisha na marekebisho madogo, akieleza kwamba alihofia lingepotosha vijana, na kwamba mawazo hayo ameyashughulikia kwa kina katika riwaya yake ya 1885 kuhusu Marius.

Ukinukuu, andika toleo. Hata ile kauli kwamba sanaa zote huelekea kwenye hali ya muziki usiipe tarehe ya 1873: imo kwenye insha kuhusu mchoraji wa Venisi, Giorgione, iliyoingia kitabuni 1888.