Ringi ya kipimo gani kwa tundu la gegedu lililokwishapona?

Swali

Habari zenu wadau. Tundu langu liko kwenye gegedu (mfupa laini) la ukingo wa juu wa sikio, lina miezi 14, haliumi wala halitoi maji. Kwa sasa lina kipini cha kitako bapa chenye unene wa milimita 1.2. Nataka kukitoa nivae ringi. Zilizopo ni za upana wa milimita 6, 8 na 10, na unene wa 0.8, 1.0 na 1.2. Nyingine zimeandikwa chuma cha pua, nyingine fedha 925, nyingine titani. Kutoka tundu hadi ukingoni nimepima milimita 5. Nichukue ipi, na niivaeje bila kulichokoza tundu?

Jibu la 1

Vizuri umepima kabla ya kununua. Kwa milimita 5, chukua ringi ya 8, unene 1.2.

Ya 6 itaingia kwa taabu. Ukingo wa sikio umejikunja, kwa hiyo una unene wake, na ringi lazima iuzunguke wote, mbele na nyuma. Ukijumlisha milimita 2 hadi 3 kwenye umbali uliopima, ringi inapata pa kupumulia. Ikibana, inakandamiza ngozi mchana na usiku, na tundu linaanza kusogea kidogokidogo kuelekea ukingoni. Ya 10 haina madhara hayo, ila inaning'inia, inanasa nywele, taulo na kola unapovua nguo. Mvuto mmoja wa ghafla unatosha kulirudisha tundu kwenye uvimbe wa wiki kadhaa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Kipini kimenyooka, ringi imepinda. Kwenye sikio lenye unene wa milimita 4, ringi ya 8 inapinda karibu nusu milimita ndani ya tundu lililozoea kitu kilichonyooka. Ya 6 inapinda zaidi, na shinikizo linaangukia kwenye midomo miwili ya tundu. Ndiyo maana vinundu hutokea hapo hapo mdomoni, na ndiyo maana ringi ya kwanza ni afadhali izidi kidogo kuliko ipungue. Baada ya miezi michache, tundu likishaizoea, unaweza kujaribu ya 7 ukitaka ikae karibu.

Usishuke hadi 0.8. Waya mwembamba ukivutwa unakata ngozi kama uzi unavyokata sabuni. Isitoshe, tundu litajibana kuufuata waya, na kurudi kwenye 1.2 itabidi kupanua upya.

Jibu la 2

Naongezea upande wa madini, maana hapo ndipo watu wanapoumia bila kujua chanzo.

Titani ndiyo chaguo langu la kwanza. Tafuta iliyoandikwa ASTM F136, yaani daraja la vipandikizi vya mwilini. Ni nyepesi, na mwenye mzio wa nikeli anaivaa bila tabu. Niobi nayo ni salama. Dhahabu ya karati 14 au 18 ni nzuri mradi isiwe ya kupakwa tu juu, na isiwe na nikeli. Dhahabu nyeupe iulizie hasa, kwa sababu baadhi yake huchanganywa na nikeli.

"Chuma cha pua" peke yake ni maneno matupu. Hata 316L, ambayo wauzaji huisifu, ina nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Mara nyingi imefungwa vizuri ndani ya chuma na haitoki kwa wingi, lakini haikufai kama ngozi yako huwashwa na vifungo vya suruali au mkanda wa saa. Umoja wa Ulaya una kikomo kwa vito vinavyopita kwenye matundu ya mwili: mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Muuzaji anayesema bidhaa yake inatimiza kikomo hicho amekupa habari ya maana kuliko anayesema tu "haileti mzio".

Fedha 925 iache. Asilimia 7.5 iliyobaki kwa kawaida ni shaba, na fedha yenyewe hubadilika rangi ikikutana na jasho na hewa. Kwa kuvaa jioni moja sawa. Kwa kulala nayo miezi, hapana. Iliyopakwa dhahabu nayo huchubuka, na huchubuka pale usipopaona, ndani ya tundu.

Jibu la 3

Kuhusu namna ringi inavyofungwa. Ziko aina tatu utakazokutana nazo: ringi ya bawaba, ambayo kipande kimoja hufunguka na kufunga kwa mlio, ringi ya kupinda, ambayo ni waya uliokatwa mahali pamoja, na ringi ya gololi, ambayo gololi hushikwa na ncha mbili. Ya gololi inahitaji koleo maalumu, na gololi ikiruka huipati tena. Anza na ya bawaba.

Kabla ya kuivaa, ifunge kisha uipitishe kwenye kipande cha pamba, taratibu, ukizungusha pande zote. Nyuzi zikinasa kwenye maungio, hapo pana ukali ambao utakwangua ngozi kila ringi inapocheza. Irudishe.

Kama ni ya kupinda, usizivute ncha ziachane kushoto na kulia, kwa sababu duara litaharibika na halitafunga sawasawa tena. Shika kila upande wa mkato, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, mpaka mwanya uzidi kidogo unene wa sikio lako. Kufunga ni kinyume chake. Usiifungue na kuifunga mara nyingi. Waya unachoka na kukatika.

Siku ya kubadilisha, oga maji ya uvuguvugu kwanza, ngozi ilainike. Nawa mikono kwa sabuni, ziba tundu la sinki. Shika kitako kwa nyuma, legeza kichwa cha kipini kinyume cha saa. Kama hakina nyuzi za skrubu, kivute moja kwa moja. Sasa usikitoe kipini. Gusisha ncha ya ringi kwenye ncha ya kipini kwa mbele, kisha isukume ikifukuze kipini kitokee nyuma. Tundu halibaki tupu hata sekunde moja. Ikigoma, usilazimishe: rudisha kipini, mwone mtogaji. Tundu la gegedu lililoachwa wazi kwa saa chache linaweza kujibana hata kama limepona.

Muulizaji

Asanteni sana. Nikishaivaa, nisafishe vipi? Na nitajuaje kama imekataa?

Jibu la 1

Wiki 2 hadi 4 za mwanzo usililalie sikio hilo, na usiizungushe ringi. Nyunyizia maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyofungashwa kitaalamu, mara moja au mbili kwa siku, kisha kausha. Spiriti na mafuta makali ya mimea vinaunguza, viache.

Kinundu kikitokea mdomoni mwa tundu, rudi kwenye kipini bapa cha 1.2 na ukiache miezi miwili au mitatu. Pima pia ule umbali wa milimita 5 kila mwezi. Ukipungua, au ngozi juu ya ringi ikawa nyembamba na kung'aa, toa ringi.

Sikio likiwa jekundu, moto, limevimba na kuuma ukilishika, huku ndewe iko salama, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya utando wa gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, kwa hiyo likiharibika umbo la sikio huweza kupotea. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, na hereni usiitoe mwenyewe kabla hajakuona.

Jibu la 3

Neno moja kabla hujalipa: uliza kama hiyo 8 ni kipimo cha ndani au cha nje. Baadhi ya wauzaji hupima nje. Ringi ya nje 8 yenye waya wa 1.2 ina nafasi ya ndani ya milimita 5.6 tu, na sikioni mwako hiyo itabana kuliko hata ile ya 6 uliyoambiwa uiache.