Lenzi ya kuvuta ya marehemu babu inateleza yenyewe

Kijana_wa_Ngamiani
Shikamooni wazee. Babu alifariki mwaka jana, akaacha sanduku la bati lenye kamera ya filamu, Nikkormat FTn, na lenzi ya Nikon 43–86 mm. Nikiinamisha kamera, lenzi inateleza yenyewe hadi mwisho. Ndani ya kioo, pembeni, kuna kitu kama utando wa buibui. Kipima mwanga kimekufa, ila shata inalia "klak" kama mpya. Nitie filamu au liwe pambo la kabatini?

Mzee_wa_Negativu
Marahaba, na pole kwa msiba. Tia filamu.

Utando huo ni kuvu, unyevu wa pwani huo. Ukiwa pembeni tu, kwenye picha hutauona. Kuteleza ni uzee: pete ni moja, unazungusha kupata fokasi, unasukuma na kuvuta kukuza picha, sasa imelegea. Mimi nilikuwa navalisha kipande cha mpira wa baiskeli.

Lenzi hiyo ilitoka 1963. Lenzi ya kuvuta (zumu) ya kwanza ya kamera za namna hii, Voigtländer Zoomar 36–82, ilikuwa ya 1959, kwa hiyo bado walikuwa wanajifunza. Ukiwa kwenye 43 mistari inavimba nje, kwenye 86 inabonyea ndani. Mwaka 1984 nilipiga harusi Chumbageni, nikapanga ukoo mzima barazani, nikaweka 43 ili wote waenee. Picha ziliposafishwa, nguzo mbili za pembeni zimepinda kama walevi. Baba wa bibi harusi akaniuliza, "Fundi, nyumba yangu inaanguka?" Kosa langu, nilijaza picha hadi ukingoni. Tangu siku hiyo nikawa nabaki katikati, kwenye 60 hivi, narudi nyuma kwa miguu.

Na fokasi iweke ukiwa kwenye 86, ndipo urudi unapotaka.

Fundi_Redio
Kipima mwanga usikizike bado. Kilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35, hazitengenezwi tena. Ya kawaida ya 1.5 itakudanganya. Tafuta za vifaa vya usikivu, namba 675, uizungushie pete ya mpira kwa sababu ni nyembamba. Halafu vuta kidogo mkono wa kukokotea filamu, ndiyo swichi yake.

Kijana_wa_Ngamiani
Asanteni. Ila nikikokota, kile kitasa cha juu kushoto kinazunguka chenyewe. Na kihesabio kinasoma 23.

Mzee_wa_Negativu
USIFUNGUE MGONGO! Mna filamu humo. Umebonyeza mara ngapi?

Kijana_wa_Ngamiani
Nne, mzee. Nilikuwa nasikiliza mlio tu.

Mzee_wa_Negativu
Basi nne za mwisho ni dari lenu na vidole vyako vya miguu. Zilizotangulia ni za babu. Bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, inua kile kishikio kidogo cha kitasa, zungusha polepole hadi uhisi kimelegea. Kama ni nyeusi na nyeupe, tangi na dawa za kuisafishia ninazo.