Tupeane uzoefu: wenye watoto wadogo wanaougua kila mara, nyie wenyewe mnasimamaje?

Mama Kifungua Mimba
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana mwaka na miezi kidogo, tangu aanze deikea hatujatulia. Mafua yakiisha kinaingia kikohozi, kikohozi kikiisha anaharisha, anapoa siku chache unaanza kumwona anacheka na kula vizuri alaf usiku unamgusa shingo unakuta anachemka. Nimechoka jamani, na kusema nimechoka siyo kwamba simpendi. Kazini nikiomba ruhusa naona kabisa bosi anavuta pumzi kabla ya kujibu, mume wangu akiona simu ya deikea anashtuka hata kabla hajapokea. Kila mtu ananiambia atakua tu. Sawa atakua, ila usiku wa leo nafanyaje? Naomba waliopitia waseme. Siyo dawa gani mlimpa, dawa ataandika daktari, mi nataka kujua nyie mlibebaje huu mzigo na mlijuaje kwamba hili ni la kawaida na hili siyo.

Mama wa Watatu
Pole sana mdogo wangu. Mimi nimepitia mara tatu na wa kwanza ndo alinitoa machozi kuliko wote manake nilikuwa sijui kitu. Kilichonituliza ni hesabu niliyofanyiwa na daktari mmoja mama mtu mzima, nampenda mpaka leo. Akaniambia mtoto mdogo kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni kawaida kabisa, na anayekaa na watoto wenzake deikea anaweza kufika hata 10 au 12, haimaanishi mwili wake ni dhaifu. Sasa piga mwenyewe, mafua mara 8, kila moja siku 10, hizo ni siku 80 za mwaka mtoto anatokwa kamasi na hana tatizo lolote la ajabu. Na kikohozi baada ya mafua kinaweza kuvuta mpaka wiki 3, kwahiyo ya pili inaingia ya kwanza haijatoka vizuri, wewe unaona kama ugonjwa mmoja usioisha kumbe ni vingi vinapokezana. Kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama yake inaanza kupungua kuanzia kama miezi 6 hivi, ndo kipindi hicho hicho anaanza kutambaa, kuweka kila kitu mdomoni na wengi wanapelekwa kulelewa nje. Yani lazima mwili wake ujifunze.

Kuhusu usiku, sisi tuliukata katikati. Mmoja analala mpaka saa nane usiku, kwenye chumba kingine kabisa na mlango umefungwa, alaf tunabadilishana. Mwanzo nilikuwa sitaki, naona kama mama ndo anatakiwa awe macho muda wote, lakini masaa manne ya usingizi mfululizo yanakurudishia akili, na mtoto mgonjwa anahitaji mzazi mwenye akili. Dada usilee ugonjwa peke yako wakati baba yupo.

Baba Binti
Mimi ni mwanaume niruhusuni niseme. Binti yangu alikuwa anakohoa miezi na miezi, tukienda hospitali tunapewa antibaiotiki, kinapungua au tunahisi kimepungua, baada ya muda tunarudi, daktari mwingine, antibaiotiki nyingine. Mke wangu alikuwa anakesha mpaka akaanza kusahau vitu vya kawaida kabisa. Mimi kazi yangu ni ya stoo, nimezoea kuandika kila kinachoingia na kutoka, nikasema hebu huyu mtoto nimwandikie daftari. Tarehe, homa ngapi, anakohoa saa ngapi, alikuwa anafanya nini, dawa gani tumempa na imefanya nini.

Baada ya muda nikaenda nalo kwa daktari. Alivyolisoma akakaa kimya kidogo akaniuliza, kwahiyo anakohoa zaidi usiku na alfajiri? Ndiyo. Na akikimbia au akicheka sana? Ndiyo. Na siku nyingi hana homa? Hana. Ndo akampima upya, akasikiliza kifua, akauliza kama kwenye ukoo kuna mwenye pumu, mama yangu anayo. Kumbe mtoto ana pumu na ile antibaiotiki ilikuwa haina kazi yoyote kwake. Akaanzishwa dawa ya kuvuta, inapita kwenye kile chupa cha plastiki chenye kibarakoa, spesa wanaita, mtoto mdogo bila hicho dawa inaishia mdomoni haifiki kwenye mapafu. Mabadiliko tuliyaona.

Na kuna jambo gumu lililofuata. Baba mkwe anaishi na sisi na anavuta sigara. Daktari alisema moshi unamsumbua mtoto mwenye pumu, na hata asiye na pumu moshi unamwongezea maradhi ya kifua na ya masikio. Utamwambiaje mzee wako? Nilimfuata jioni nikamwamkia nikakaa chini, nikamwambia baba, mjukuu wako anapata shida ya pumzi na daktari ametaja moshi, naomba unisaidie. Hakunijibu siku ile. Ila kuanzia kesho yake anavutia mbali na nyumba, na akirudi anabadilisha shati kabla hajambeba mjukuu, na hilo la shati sikumwambia mimi. Namheshimu mara mbili sa hivi.

Mgeni Njiani
Baba Binti samahani, hilo daftari linahitaji kuwa refu? Mi nikianza vitu hivi naacha siku ya tatu.

Baba Binti
Mistari miwili tu inatosha ndugu yangu. Siku akiwa mzima usiandike chochote, acha nafasi. Zile nafasi nazo ni taarifa, utashangaa kumbe kuna wiki nzima alikuwa mzima na wewe hukuiona kwasababu ya uchovu. Unaweza kuandika hata kwenye simu, ila karatasi ni nzuri kwasababu aliyebaki na mtoto mchana naye anaandika humohumo.

Nesi Mwenzenu
Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu na mimi pia ni mama, kwahiyo nayaandika haya nikiwa na moyo wa pande zote mbili. Wazazi wengi wanaangalia namba ya kipimajoto tu. Homa ni muhimu ndiyo, na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika 38 usisubiri kuche, nenda. Lakini kwa mkubwa kidogo angalia zaidi ANAFANYA NINI. Mtoto ana 39 lakini homa ikishuka anacheza na anakunywa, huyo ananipa hofu kidogo kuliko mwenye 37 na nusu aliyelegea hataki hata kunyonya. Hataki kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amelegea hashtuki ukimwita, au amepata degedege, hapo hakuna mjadala, ni hospitali saa hiyohiyo.

Na jifunzeni kuhesabu pumzi, hiki kitu kinaokoa watoto na hakihitaji kifaa, saa tu. Mtoto akiwa ametulia halii, fungua nguo uone kifua, hesabu dakika nzima. Chini ya miezi 2 zikifika 60 ni nyingi mno, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Zikifika hapo au kuzidi, au ukiona kifua kinabonyea kwa ndani chini ya mbavu kila akivuta hewa, inaweza kuwa nimonia, mpeleke. Nimeona kina mama wanafika wamechelewa kwasababu homa haikuwa kubwa, na siwalaumu, hakuna aliyewafundisha.

Degedege la homa nalo niliseme kwa sauti kwasababu linatisha kuliko kitu chochote mzazi anaweza kuona. Linawapata zaidi wa miezi 6 mpaka miaka 5. Mlaze ubavu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa. Likizidi dakika 5 ni dharura kubwa, likiisha mapema bado mpeleke aangaliwe. La kawaida lile fupi haliharibu ubongo, hili naomba mlishike kwasababu najua mzazi anaishi na hiyo hofu miaka.

Dawa ya homa pimeni kwa uzito wa mtoto siyo kwa kijiko cha jikoni, na aspirini msimpe mtoto. Akiharisha, ORS (ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) na zinki, na aendelee kunyonya na kula. Na antibaiotiki haiui virusi, mafua ni virusi, kwahiyo daktari akikwambia hahitaji antibaiotiki usiondoke umekasirika ukaenda kununua mwenyewe, huyo amekutendea haki.

Mama Shujaa
Nimesoma nikasema na mimi niandike kwa ajili ya wale ambao watoto wao hawatakua tu wakaacha. Wangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi wanaouita sikoseli. Alianza baada ya miezi 6, vidole vya mikono na miguu vinavimba analia ukimgusa, watu wakasema ameumwa na mdudu, wengine wakasema meno. Vipimo vya damu ndo vikatoa jibu.

Kilichokaribia kutuvunja haukuwa ugonjwa, ni maneno. Upande wa mume wangu walisema kwao hakuna kitu kama hicho, kwahiyo nimekuja nacho mimi. Daktari alituita wote wawili akachora kwenye karatasi: mtoto anapata selimundu akichukua vinasaba viwili, kimoja kwa baba kimoja kwa mama, na wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, yani kila mmoja ana kinasaba kimoja tu na haumwi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Mume wangu akaomba ile karatasi. Akaenda nayo kwao mwenyewe, bila mimi, akawaeleza mama yake na dada zake. Tangu siku hiyo wifi zangu wanakuja kukaa na mtoto tukilazwa. Ninaandika hivi huku nalia lakini ni machozi mazuri.

Tunaishije: penisilini yake kila siku bila kuruka, foliki asidi, maji mengi, chanjo zote. Homa kwetu siyo ya kusubiri asubuhi, ni safari ya usiku uleule, kwahiyo begi liko tayari muda wote, lina kadi, nguo, chaja, shuka na karatasi yenye majina ya dawa zake. Begi likiwa tayari moyo unapungua kukimbia. Na mimi nimejiruhusu kufurahi siku za katikati. Zamani siku nzuri nilikuwa naitumia kuogopa siku mbaya.

Mlezi Peke Yangu
Mnaongelea kugawana usiku na baba, sisi ambao baba hayupo je? Nijibu mwenyewe kwasababu nimejifunza kwa tabu. Mtu akikwambia "ukihitaji chochote niambie" mpe kitu hapohapo. "Jumamosi njoo saa tatu ukae naye nilale mpaka saa sita." Watu wengi wanataka kusaidia kweli ila hawajui waanzie wapi, na wewe umechoka huna nguvu ya kufikiria, ndo mnaachana hivohivo. Kazini nilienda kwa bosi siku ambayo mtoto alikuwa MZIMA, siyo siku ya dharura, tukakubaliana nitafidia vipi masaa. Alinisikiliza tofauti kabisa.

Na kuna kitu kingine. Ilifika wakati mtoto analala mimi silali, nakaa namsikiliza kama anapumua, chakula hakishuki, naona bora nisiwepo. Nilimwambia daktari wa mtoto na yeye akanipeleka kwa mtu wa kunisaidia mimi. Kama uko hapo mwenzangu sema, sema hata leo, hiyo nayo inatibika.

Dada Mkubwa
Msisahau yule mwingine aliye mzima. Mimi nilikuwa mtoto mzima kwenye nyumba yenye mdogo mgonjwa, naongea kwa uzoefu. Nilikuwa naomba niumwe. Mama alivyogundua akawa ananichukua mimi tu, tunatembea kidogo jioni, mkono kwa mkono, hata kama ni muda mfupi sana. Nilitosheka.

Mama Kifungua Mimba
Jamani sijui niwashukuruje, nimesoma yote na mume wangu amesoma pia, leo yeye ndo anaanza zamu. Nesi nisaidie mawili tu. Uzito wake unapanda ila polepole, nitajuaje ni sawa? Na la pili, anakoroma sana na analala mdomo wazi hata akiwa hana mafua.

Nesi Mwenzenu
Mpendwa, chukua kadi yake ya kliniki uangalie mstari, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Akiwa mdogo lakini anapanda akifuata njia yake ileile, na akipona anarudi kuwa mchangamfu, hiyo ni dalili nzuri sana. Mstari ukilala au kushuka, au akipata nimonia mara 2 ndani ya mwaka, au maambukizi ya masikio mara 4 ndani ya mwaka, au anatumia antibaiotiki miezi 2 haoni nafuu, hapo omba uchunguzi wa kina wa kinga yake, omba bila aibu, ni haki yake.

Kukoroma akiwa hana mafua na kupumulia mdomo inaweza kuwa nyama za puani, na hizo zinaweza pia kuleta matatizo ya masikio ya kujirudia. Mrekodi video akiwa amelala, dakika moja mbili, kifua kionekane na sauti isikike, umwonyeshe daktari wa masikio, pua na koo. Ukiona kwenye video pumzi inakatika alaf anashtuka kuvuta hewa kwa nguvu, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke wiki hii.